Msala wa nyanya asiyetoka mchana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijaepuliwa, binti yangu huketi kwenye kigoda mlangoni na kunigeuzia kisogo. Nampaka losheni ya kumkinga na jua, nikianza nyuma ya masikio. Kisha ukingo wa sikio lenyewe, shingo yote mpaka ndani ya kola, halafu njia ya nywele kati ya misuko miwili. Uso hujipaka mwenyewe, nami namwangalia tu asisahau chini ya pua. Mikono mpaka kwenye kucha, magoti, na mgongo wa mguu pale mikanda ya ndara isipofika. Tunakunywa chai. Chai ikiisha nampiga koti ya pili.

Nasema koti kwa sababu ndivyo tusemavyo kazini. Mimi ni fundi rangi. Nimepaka nyumba za Mombasa kwa miaka 22, kuanzia Mji wa Kale mpaka Bamburi, na kama kuna kitu nakijua bila kusomea, ni jua letu. Ukuta unaotazama magharibi haumalizi kaskazi tatu kabla ya kupauka. Nyekundu hufa kwanza. Mji huu uko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, ukisimama uwanjani kivuli chako kiko chini ya nyayo zako. Chini ya jua hilo ndiko anakotembea mwanangu kwenda shule, na ngozi yake haina ile rangi inayotukinga sisi wengine.

Ana ualbino. Ana miaka 9. Jina lake sitaliandika hapa. Kuna lile neno la zamani tulilolikuta midomoni mwa wazee, nalo kwangu halitamkwi, mgeni akilitamka namrekebisha hata kama ni mkubwa wangu.

Naandika kwa sababu ya maneno ambayo mke wangu alitupiwa, na kwa sababu siku alizotupiwa mimi nilinyamaza.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, joto likiwa limetuama hata usiku. Muuguzi alimleta amefungwa leso, akanipa bila kusema neno. Nywele zake zilikuwa rangi ya mchanga mkavu wa Nyali na kope zake vivyo hivyo. Nilimwadhinia sikioni huku mikono yanitetema. Mamangu alimtazama, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya chini lakini mke wangu alisikia: "Huyu ni wa nani?"

Mke wangu alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya wageni huko Kaskazini Pwani. Hilo lilitosha. Kabla ya arobaini habari ilikuwa imeshazunguka mtaa: ni mtoto wa mzungu. Waliokuwa na huruma walikuja na yao, kwamba wakati wa mimba alimcheka mtu mwenye ualbino kwenye feri ya Likoni, au alitembea saa sita bila kujifunika. Wote, wenye huruma na wasio na huruma, walikubaliana kwamba chanzo ni yeye. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nami, na hili nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe analijua, usiku mmoja nilikaa barazani nikahesabu miezi kwa vidole. Ilitimia sawasawa. Lakini nilihesabu.

Alipofika miezi mitatu tuliona macho yake hayatulii. Yalikwenda kulia na kushoto, polepole, kama ya mtu anayesoma mstari usiokwisha. Tulimpeleka kliniki ya macho. Daktari alimuangalia kwa taa, akatueleza kwamba ni ualbino, kwamba mtoto hatakuwa kipofu ila ataona mbali kwa shida, na akamaliza kwa maneno ambayo sikuyaelewa siku ile: "Ualbino ameutoa kwenu nyote wawili." Nilidhani anatutuliza tu, kama watu wa hospitali wafanyavyo.

Nilielewa baada ya miaka miwili, nami nilielewa ukutani.

Nilikuwa na kazi ya sebule moja Tudor. Kuta zilikuwa zimeshapigwa msasa na andakoti, nyeupe, zikisubiri rangi ya maziwa. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, alikuwa akisoma biolojia Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na likizo zake alikuja kunisaidia apate nauli. Wakati wa chakula nikamuuliza. Nilimuuliza kwa kuzunguka, aibu haikuniacha: je, rangi ya mtoto yatoka wapi? Akainuka na penseli yangu ya kupimia, akaanza kuchora kwenye ule ukuta.

"Mjomba, wewe wadhani mtoto hana mafundi," alisema. "Mafundi wapo."

Alichora visanduku vingi chini ya mstari wa ngozi. Hizo, alisema, ni seli zitengenezazo rangi, melanosaiti. Mtu mweusi tii wa kutoka bara na mzungu wa kutoka Norwe wanazo kwa idadi inayokaribiana. Na mtoto wangu pia anazo. Nilishangaa sana. Siku zote nilidhani aliye mweusi amepakwa makoti mengi na aliye mweupe machache.

"Na ndoo zipo," akaendelea. Ndani ya kila seli akachora vifuko vidogo, melanosomu. Humo ndimo rangi inamopikwa, melanini, kisha vifuko hugawiwa seli za jirani na kukaa juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli, jua lisikichome. Rangi yenyewe huanza na kitu kiitwacho tairosini, kiungo cha kawaida cha protini, kinachotoka hata kwenye maharagwe na samaki tulaye. Kuna kimeng'enya kinachoigeuza hatua kwa hatua mpaka iwe nyeusi au kahawia, au ile ya wekundu na njano.

"Basi kama mafundi wapo na ndoo zipo, kimekosekana nini?"

Akanirudishia swali. "Mjomba, ukipaka rangi ukuta wa saruji mbichi, hutokea nini?"

Hilo nalijua usingizini. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa. Rangi nzuri ya bei ghali ukiiweka juu yake kabla haijakauka, huliwa, hutoka mabaka, hubadilika. Fundi hana kosa, rangi haina kosa. Ni hali ya mahali ilipowekwa.

"Kwa mtoto ni hivyo, ila kinyume," alisema. "Kile kifuko chatakiwa kisiwe na uchachu mwingi, la sivyo kimeng'enya hakifanyi kazi. Kuna protini moja kazi yake ni kurekebisha hali hiyo. Jeni inayotoa maagizo ya kuitengeneza huitwa OCA2, ipo kwenye kromosomu ya 15. Kwake yaelekea imekatika."

Kukatika kwenyewe aliniandikia pembeni kwa namba. Kwa watu wengi wenye ualbino Afrika kusini ya Sahara, kasoro ni ileile moja: kipande cha herufi kama 2,700, yaani vile vijenzi vidogo ambavyo jeni huandikwa kwavyo, hakipo katika jeni hiyo. Kimekatika pale pale kwa watu wa Tanzania na kwa watu wa kusini mwa Afrika wasiojuana kamwe, na ndiyo maana wanasayansi wanaona huenda kilianzia kwa mtu mmoja wa kale sana, kabla watu hawajasambaa. Ziko aina nyingine za ualbino zenye jeni nyingine. Mojawapo ya jeni hizo ndiyo ya kile kimeng'enya chenyewe, na huko kwa kawaida nywele hubaki nyeupe pe. Binti yangu hajapimwa jeni, lakini nywele zake za njano na madoa ya kahawia yaliyomtoka mabegani vyafanana na hiyo ya OCA2.

Kisha akachora duara mbili, moja mimi, moja mke wangu. Kila duara akaikata katikati, nusu akaijaza penseli, nusu akaiacha wazi. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ukiwa na moja nzima na moja mbovu, ile nzima yatosha kabisa. Unakuwa na rangi yako kamili na hujui lolote. Waweza kuishi miaka 90, uzikwe, na hakuna mtu atakayejua ulikuwa nayo. Lakini unapozaa unampa mtoto nakala moja tu kati ya mbili, na hakuna achaguaye. Ni kama mimi na mke wangu kila mmoja kurusha sarafu. Mara moja katika nne, kwa wastani, sote wawili tunatoa ile mbovu. Ndugu yake akizaliwa sarafu zarushwa upya. Hazikumbuki zilivyoanguka mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipokaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa.

Nilitazama ile duara yangu. Nusu ya kilichomfika mwanangu ilitoka kwangu. Ilibidi itoke kwangu. Kama ningekuwa sinayo, mke wangu angeweza kuwa nayo mara mia na mtoto angetoka mweusi kama mimi. Yale maneno yote ya hotelini, ya feri, ya jua la saa sita, yalikuwa yamemwangukia mtu mmoja kwa jambo ambalo haliwezekani bila watu wawili. Na ile rangi ya uso wake waliyoitumia kumkana haikuwa ushahidi wa baba mwingine hata kidogo.

Mchoro ule bado uko Tudor. Kesho yake niliupaka mwenyewe, koti mbili.

Nilimweleza mke wangu usiku huohuo. Alikuwa akikuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusimamisha mkono, halafu akasema, "Mwambie mamako." Basi. Nilimwambia mamangu. Akanijibu kwa uhakika: "Kwetu hajazaliwa mtu kama huyo tangu dunia kuumbwa." Sikubishana naye, kwa sababu nilianza kufikiri kwamba labda kweli, kwao hakuna. Lakini mimi nina baba pia.

Babangu alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni dadake mkubwa, shangazi yetu wa Kibokoni, ambaye sasa miaka yake inagonga themanini. Ukoo wa babangu ni wa Siyu, kisiwa cha Pate. Walikuja Mombasa shangazi akiwa msichana. Na mke wangu naye ni wa ukoo huohuo: nyanya yake mzaa mama ni dada wa baba mmoja mama mmoja na babu yangu. Tulipooana wazee walifurahi, wakasema damu yarudi nyumbani.

Nilimkuta shangazi ameketi dirishani akichambua mchele. Nikamuuliza kama katika watu wetu aliwahi kuwapo mtu kama binti yangu. Alichambua ungo mzima bila kunijibu. Nilidhani hakusikia.

"Alikuwapo," akasema. "Shangazi yangu mimi. Dadake babu yako."

Ndipo akasimulia, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu alichokiweka chini ya godoro. Nyumba ya mawe ya Siyu, chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha la uwanjani. Alikuwa akikaa humo mchana kutwa, akitoka magharibi ikiingia, akienda kisimani na wanawake wenzake gizani. Nywele zake zilikuwa kama ndevu za mahindi mabichi. "Na mato yake hayakutua," alisema, kwa matamshi yao ya zamani. "Yalikuwa yakicheza. Sisi watoto tukimwogopa, kisha akituita, akitupa kashata, hofu ikituisha." Alisuka mikeka na misala, kazi yake ilisifika mpaka Faza. Alisuka miyaa imemgusa pua, maana haoni mbali. Hakuolewa. Akatokwa na kidonda nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mtama, kikakataa kupona, kikala sikio, kikaingia shingoni. Alikufa hajafika miaka 35.

"Kwa nini hukusema, shangazi? Miaka miwili mke wangu atukanwa."

"Twalifundishwa tusiyaseme. Ndugu zake walikuwa na mabinti wa kuoza."

Sikumkasirikia kama nilivyotaka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kupitia Ngome mpaka Makadara, nikiwa na mahesabu kichwani. Kama mwanamke yule alikuwa na ualbino, basi babake na mamake wote wawili walikuwa nayo ile nakala iliyokatika. Ndugu zake waliozaliwa na rangi, kila mmoja alikuwa na nafasi mbili katika tatu za kuibeba kimya. Babu yangu aliibeba, akampa babangu, akanipa mimi. Nyanya yake mke wangu aliibeba, akampa binti yake, akampa mke wangu. Watu wawili waliotoka tumbo moja, kila mmoja akapita njia yake, hakuna aliyejua, na njia zikakutana nyumbani kwangu Majengo baada ya miaka kama 80.

Sasa, msinielewe vibaya kuhusu kuoana binamu. Sisi watu wa pwani twaoana ndugu, na simwambii mtu aache. Ni kweli kwamba mkiwa wa ukoo mmoja, nafasi ya kubeba kitu kilekile huongezeka. Lakini wenye kubeba ni wengi hata nje ya ukoo. Tanzania hukadiriwa mtu 1 katika 1,400 ana ualbino. Kwa kadirio hilo, mpwa wangu alinipigia hesabu, kama mtu 1 katika kila 19 anabeba nakala moja. Hesabu watu wa matatu moja ya Kongowea iliyojaa. Hapa Kenya watu wenye ualbino walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019 wakapatikana 9,729. Mimi nikikumbuka chumba kile cha ndani Siyu, najiuliza ni nyumba ngapi zilimjibu karani kwamba hapa hakuna.

Ninachokiomba kwa wazee ni kimoja: semeni. Shangazi angesema siku ya arobaini, mke wangu asingelia mwaka wa kwanza wote wa kumnyonyesha mtoto wake.

Watu hupenda kumwambia binti yangu kwamba yeye ni Mwarabu, au mzungu, wakidhani wanamfurahisha. Mji huu una kila rangi ya binadamu: Wahadhrami, Wabaluchi, Wabajuni, Wadigo, Wagiriama, na ndani ya nyumba moja waweza kukuta rangi tano. Weupe wa namna hiyo ni kitu kingine kabisa na ualbino. Ni jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, huku kifuko cha rangi kikifanya kazi yake salama. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliopima ngozi na jeni za watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ukaonyesha kwamba jeni za weupe na za weusi zote zimo humu humu Afrika, nyingine zikiwa na zaidi ya miaka 300,000. Kwa hivyo hata ule weupe tunaodhani umeletwa na majahazi, sehemu yake ilikuwapo bara hili kabla jahazi la kwanza halijachongwa. Nilipolisoma hilo nilifurahi mno, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nachanganya rangi kila siku na najua kwamba hata ndoo ya nyeupe huwekewa tone la nyeusi ili isiwe na umanjano.

Macho ndiyo kazi kubwa kuliko ngozi, na watu hawajui. Rangi ileile huhitajika jicho linapojengwa tumboni. Ikikosekana, ile sehemu ndogo ya nyuma ya jicho inayoona vitu kwa ukali haikomai, na neva zitokazo jichoni huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo kwa wingi kuliko kawaida. Miwani yasaidia lakini haimalizi. Katika shule yake ya kwanza mwalimu alimketisha dirishani, kwenye mwanga, akidhani anamtendea wema, kisha akamchapa kwa kutonakili ubao. Nilikwenda. Nilizungumza kwa adabu, lakini nilizungumza mpaka wakanielewa. Sasa yuko shule nyingine, mbele, dirisha likiwa nyuma yake, anasogea ubaoni anapotaka bila kuomba ruhusa, na karatasi zake za mtihani huchapwa kwa maandishi makubwa. Nilimwonyesha picha ya Jaji Mumbi Ngugi, mwenye ualbino kama yeye, akiwa na joho lake. Akaisogeza simu mpaka puani akaitazama muda mrefu, akauliza kama jaji huruhusiwa kuvaa kofia mahakamani.

Losheni tunapata bila malipo, kwa mpango wa serikali ulioanza 2011 kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nawashukuru walioupigania. Ila kuna miezi tumefika kituoni tukaambiwa imekwisha, rudini, na jua halirudi nyuma likatusubiri. Dukani chupa moja ni ujira wangu wa siku nzima, pengine zaidi, na kwa namna nipakavyo haikai mwezi. Mzazi asiyeweza, amvalishe mtoto mikono mirefu na kofia pana yenye kufunika masikio na shingo. Kitambaa kizito ni kinga ambayo haiishi chupani. Na kidonda chochote kisichopona kwa wiki chache kiangaliwe na daktari mapema, kikiwa bado kama punje.

Mwezi uliopita shangazi aliugua, tukaenda Kibokoni kumtazama, sote wanne, pamoja na kijana wetu mdogo ambaye ana rangi yangu na, nani ajuaye, pengine ana ile nusu duara pia. Shangazi alimwita binti yangu kitandani. Akatuma sanduku la mbao lifunguliwe, na chini kabisa, ndani ya leso iliyochakaa, kulikuwa na msala. Umesukwa kwa miyaa myembamba kama uzi, na rangi zake, zambarau na kijani na nyekundu, zimekaa ndani ya sanduku lisiloona jua mpaka leo ni kali. Mimi ni fundi, nilizitazama nikaona wivu.

"Huu ni wake," shangazi akasema. "Ni wako."

Mke wangu akamuuliza jina la mwenyewe. Shangazi akalitaja, jina kamili, na la babake. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitaja.

Binti yangu akaketi sakafuni, akauinua msala mpaka ukamgusa pua, vile asomavyo vitabu vyake. Macho yake yakaenda kulia na kushoto. Akawa anafuata ukili mmoja kwa kidole, kimya, mpaka akafika karibu na pembe, akasimama.

"Baba, hapa alikosea," akasema. "Ameruka mmoja. Halafu amerudi akautia."

Niliinama kutazama. Sikuuona mpaka aliponishika kidole akakiweka juu yake.